Nionyeshe Mmoja

"Nimekubali. Sasa nionyeshe mmoja."

Aliyesema hivyo ni rafiki yangu, mtu wa takwimu, tukiwa tumesimama mbele ya ubao. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kumwandikia hoja ya mwanahisabati Paul Erdős ya mwaka 1947, ile inayothibitisha kwamba unaweza kupaka rangi mbili mistari yote kati ya nukta nyingi mno bila kundi kubwa la rangi moja kujitokeza. Alifuata kila hatua. Aliniuliza maswali mawili matatu ya haki, akaridhika. Halafu akanitia kalamu mkononi, akangoja mchoro.

Nikamwambia arushe sarafu. Kila mstari sarafu moja: upande huu nyekundu, upande ule buluu. Karibu kila mchoro atakaoupata kwa njia hiyo utakuwa mzuri.

"Huko si kunionyesha," akasema. "Huko ni kunituma nikatafute."

Tangu siku hiyo maneno yake hayajaniacha. Nimeyabeba kazini, nimelala nayo, na nimejikuta nikisoma upya makala ambazo nilidhani nimeshamalizana nazo.

Kwa wasiokumbuka

Chora nukta n. Unganisha kila nukta na kila nyingine, na kila mstari uupake nyekundu au buluu. Frank Ramsey, katika makala iliyochapishwa mwaka 1930, mwaka uleule aliofariki akiwa na miaka 26, alithibitisha kwamba nukta zikizidi kiasi fulani huna pa kukimbilia: lazima litokee kundi la nukta k ambalo mistari yake yote ya ndani ni ya rangi moja. Idadi ndogo kabisa ya nukta inayolazimisha hilo tunaiandika R(k,k).

R(3,3) ni 6. R(4,4) ni 18. R(5,5) haijulikani; kinachojulikana ni kwamba haiko chini ya 43 wala juu ya 46.

Nikisema "mchoro mzuri" humu, namaanisha mchoro usio na kundi la nukta k la rangi moja. Uliobaki wote nitauita mbovu.

Nukta 17

Kwa R(4,4) naweza kumwonyesha, na nilifanya hivyo.

Panga nukta 17 kwenye duara, uzipe namba 0 hadi 16. Kisha chukua namba mraba, 1, 4, 9, 16, 25, 36 na kuendelea, na kila moja uigawe kwa 17 ubaki na baki. Utapata namba nane tu: 1, 2, 4, 8, 9, 13, 15, 16. Kanuni ni hii: tofauti kati ya nukta mbili ikiwa miongoni mwa hizo nane, mstari wao ni mwekundu; la sivyo, ni wa buluu.

Hakuna kundi la nukta nne la rangi moja. Na huhitaji kompyuta kulithibitisha hilo, unahitaji nusu ukurasa.

Ukizidisha namba zote za nukta kwa 3 (na kuchukua baki), nyekundu inageuka buluu na buluu inageuka nyekundu. Kwa hiyo tukikagua nyekundu tumemaliza zote mbili. Chukua basi kundi jekundu la nukta nne. Kwa kutoa na kugawa, bila kuharibu rangi yoyote, tunaweza kulisogeza hadi nukta zake mbili ziwe 0 na 1. Nukta mbili zilizobaki lazima ziwe na mstari mwekundu kwenda 0 na mwekundu kwenda 1, yaani namba yenyewe na namba hiyo ikitolewa moja, zote ziwe kwenye orodha yetu. Pitia orodha: 2 inafaa, kwa sababu 1 imo. 4 haifai, 3 haimo. 8 haifai. 9 inafaa. 13 na 15 hazifai. 16 inafaa. Zimebaki 2, 9 na 16. Tofauti zao ni 7, 7 na 14, na hakuna hata moja iliyo kwenye orodha. Zote ni buluu.

Basi.

Robert Greenwood na Andrew Gleason walitumia mchoro huu mwaka 1955, na kwa kuwa nukta 18 hazivumiliki, 17 ndiyo mwisho kabisa. Kila mara ninapoupitia ukaguzi huu nahisi nimeshika kitu mkononi. Ukinitajia nukta mbili zozote nakuambia rangi ya mstari wao papo hapo, na ukiniuliza kwa nini mchoro hauna kundi bovu, ninayo sababu inayotoka ndani ya mchoro wenyewe.

Hiki ndicho rafiki yangu alichokuwa akikitaka kwa k yoyote.

Sarafu 496

Sasa hoja ya 1947. Nitaiweka kwenye namba, kwa sababu ndani ya alama tupu huwa inapita haraka mno na mtu hapati muda wa kuduwaa.

Chukua nukta 32, na tukwepe makundi ya nukta 10 ya rangi moja. Mistari ni 496. Rusha sarafu 496. Makundi ya nukta kumi yaliyomo ni 64,512,240. Kila kundi lina mistari 45 ndani yake, na uwezekano wa mistari hiyo yote kuangukia rangi moja ni 1 kwa 2⁴⁴, yaani 1 kwa 17,592,186,044,416. Jumlisha uwezekano huo kwa makundi yote: unapata chini ya nne kwa milioni.

Kwa hiyo katika kila michoro milioni ya nukta 32, mibovu kwa wastani haifiki minne.

Erdős mwenyewe aliiandika kama hesabu ya idadi, si kama hadithi ya sarafu, lakini ni kitu kilekile. Na namba hizo hazikuchaguliwa kwa bahati: kwa k yoyote kuanzia 3, nukta zikiwa 2 kwa kipeo cha nusu ya k, mibovu haiwezi kuwa yote. Kadiri k inavyokua, ndivyo mibovu inavyozidi kuwa adimu.

Nilipokuwa mwanafunzi hoja hii ilinipa furaha ambayo sijaipata kwingine. Haigusi mchoro hata mmoja. Inahesabu kwa mbali na kuondoka na ukweli.

Swali la rafiki yangu halikunifanya niitilie shaka. Wageni wakiwa wengi kuliko viti, najua kuna aliyesimama, hata kama sijaingia ukumbini. Huo ni ujuzi kamili, hauna upungufu wa uhakika. Nilichoanza kujiuliza ni kingine: ninajua nini hasa? Nawajua wageni kwa ujumla wao. Simjui hata mmoja kwa sura.

Na hapa kuna jambo linalozidi kuniumiza. Rusha sarafu kwa nukta 1,024, ukitaka kukwepa makundi ya 20. Karibu kwa hakika umepata mchoro mzuri. Lakini ukitaka kuthibitisha kwamba *huu*, ulio mezani, ni mzuri, na ukaamua kukagua kundi moja baada ya jingine, idadi ya makundi ni namba yenye tarakimu 42. Zipo mbinu za kupunguza kazi, na kwa ukubwa huu zinasaidia sana. Nukta zikiongezeka, nazo zinaelemewa. Unabaki na mchoro ambao kila dalili inasema ni mzuri, nawe huna sababu ya kuutetea zaidi ya kwamba wenzake wengi ni wazuri.

Upande wa pili wa tatizo hauko hivi. Mwaka 1935 Erdős na George Szekeres walithibitisha kwamba R(k,k) haizidi 4 kwa kipeo k, na hoja yao ni safari: shika nukta, baki na majirani wa rangi iliyo nyingi, shika nyingine, endelea. Mwishoni unalo kundi mkononi. Mwaka 2023 Marcelo Campos, Simon Griffiths, Robert Morris na Julian Sahasrabudhe waliishusha 4 hiyo kidogo, kwa mara ya kwanza, na uthibitisho wao pia ni safari ya hatua kwa hatua ndani ya mchoro. Kundi bovu linapolazimika kuwepo, tunajua kulitafuta. Ni uzuri unaotukwepa.

Zinazoelezeka ni chache

Kwa muda nilijiambia ni uvivu wetu tu. Kwamba kitu kikiwa kimejaa tele namna hiyo, mtu mwerevu atakiokota siku moja.

Halafu nikaketi nikahesabu kitu kingine, na mtazamo wangu ukageuka.

Mchoro wa nukta 32 ni mfululizo wa biti 496: sifuri kwa nyekundu, moja kwa buluu. Kanuni kama ile ya nukta 17 ni ufupisho. Sentensi mbili zinabeba mchoro mzima. Je, michoro mingapi ina maelezo mafupi? Tuseme maelezo yasiyozidi biti 400, ambayo ni urefu wa ukarimu kabisa. Maelezo yote ya urefu huo hayafiki 2⁴⁰¹. Michoro yote ni 2⁴⁹⁶. Yaani inayoelezeka kwa kifupi hata kidogo haifiki mmoja kwa kila 2⁹⁵.

Na mibovu? Hesabu ya Erdős imeiachia nafasi ya hadi karibu mmoja kwa kila 2¹⁸.

Ziweke namba hizo mbili kando kwa kando. Michoro yote inayoelezeka kwa kifupi, yote bila kubakiza, ingeweza kuingia ndani ya mibovu na nafasi ikabaki tele. Hesabu ya 1947 haina neno la kuizuia. Inasema wingi ni mzuri. Haisemi lolote kuhusu wale wachache tunaoweza kuwataja kwa majina.

Kwa nukta 32 tunajua kwamba mambo si hivyo. Lakini nukta zinapokuwa nyingi, swali la rafiki yangu linaonyesha uzito wake. Anapodai mmoja, anadai mchoro wenye sentensi fupi inayoueleza, lakini wenye tabia ya ile isiyo na sentensi yoyote. Ni ombi la kupata kitu chenye mpangilio kisichoonyesha mpangilio. Ndiyo maana wingi haukusaidii kuokota.

Niliposhika hilo, nilianza kuwaheshimu upya waliojaribu.

Vikundi vya tatu-tatu

Jaribio la kwanza la kumfikiria ni kupanua ile kanuni ya namba mraba. Chukua namba tasa kubwa p inayobaki 1 ukiigawa kwa 4, fanya vilevile. Michoro hii inaonekana kama ya sarafu kwa vipimo vingi tunavyojua kuvipima. Lakini kuthibitisha? Kinachothibitishika kirahisi ni kwamba kundi la rangi moja halizidi kipeuo cha pili cha p. Mwaka 2021 Brandon Hanson na Giorgis Petridis waliishusha hadi karibu kipeuo cha pili cha nusu ya p. Ni kazi nzuri sana, na bado iko mbali mno na kiwango tunachokiamini, kilicho karibu na logi ya p (idadi ya mara unazozidisha 2 kwa 2 hadi ufikie p).

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la Zsigmond Nagy, la miaka ya 1970. Chukua namba 1 hadi t. Kila nukta ya mchoro ni kikundi cha namba tatu kati ya hizo. Vikundi viwili vikishirikiana namba moja hasa, mstari wao ni mwekundu. Visiposhirikiana chochote, au vikishirikiana mbili, ni wa buluu.

Hakuna kundi la rangi moja lenye nukta zaidi ya t, na sababu yake ni nzuri mno kuiruka. Andika kila kikundi kama safu ya sifuri na moja, yenye nafasi t. Kwenye kundi la buluu, kila safu ina moja tatu, idadi ya witiri. Na safu mbili zozote zinakutana mahali pa idadi ya shufwa. Ukihesabu kwa namna ambayo 1 na 1 ni 0, witiri na shufwa hizo zinalazimisha kwamba hakuna safu inayoweza kuundwa kwa kujumlisha nyingine. Na ndani ya nafasi t, safu za namna hiyo haziwezi kuzidi t. Kwa nyekundu hoja inafanana, kwa namba za kawaida.

Kwa t ikiwa 9 unapata nukta 84 bila kundi la 10. Hoja ya sarafu, ukiibana hadi ukomo wake, inatoa nukta 100. Karibu sana! Nilipoona hivyo moyo ulinipaa.

Kisha nikaendelea mbele. Kwa makundi ya 20, Nagy anatoa nukta 969. Sarafu, bila kubanwa, 1,024. Kwa makundi ya 30, Nagy 3,654, sarafu 32,768. Kwa makundi ya 40, Nagy 9,139. Sarafu zaidi ya milioni moja.

Mmoja anakua kwa kipeo cha tatu. Mwingine anakimbia.

Erdős aliahidi dola 100 kwa atakayetoa mchoro wa kuonyeshwa ambao nukta zake zinaongezeka kwa kasi ya namba yoyote maalumu inayozidi moja, ikipandishwa kwa kipeo k. Peter Frankl na Richard Wilson walisogea mbali mwaka 1981, wakitumia vikundi na mabaki kama Nagy lakini kwa ustadi mkubwa zaidi. Baada yao msaada ulitoka kwa watu wa nadharia ya kompyuta ambao kazi yao ni kusafisha bahati: wana vyanzo viwili vya nasibu, vyote vichafu, na wanataka kuvichanganya wapate biti moja safi. Anayeweza kufanya hivyo ana mchoro mzuri mfukoni, kwa sababu kila chanzo kikichagua nukta moja, biti inayotoka ndiyo rangi ya mstari wao, na kundi la rangi moja ni mahali ambapo biti hiyo haibadiliki kabisa. Eshan Chattopadhyay na David Zuckerman walipiga hatua kubwa mwaka 2016. Mwaka 2023 Xin Li aliwafikisha mahali ambapo kundi kubwa kabisa la rangi moja, kati ya nukta n, halizidi logi ya n ikipandishwa kwa kipeo maalumu. Sarafu zinatoa mara mbili ya logi, basi, bila kipeo chochote.

Pengo hilo, kati ya logi na logi yenye kipeo, ndilo jibu la kweli kwa rafiki yangu. Ndipo tulipofika katika kuonyesha.

Kuonyesha nusu, kurusha nusu

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna makala moja iliyonitoa kwenye mtego wa kudhani ni lazima nichague upande.

Sam Mattheus na Jacques Verstraete, mwaka 2023, walishughulikia R(4,t): ni nukta ngapi zinazolazimisha ama kundi jekundu la nne ama kundi la buluu la t. Kwa miongo mingi kiwango cha chini kilikuwa karibu t kwa kipeo cha mbili na nusu. Wao waliifikisha kwenye t kwa kipeo cha tatu, ukigawa kwa logi ya t kwa kipeo cha nne, karibu kabisa na dari.

Walianza kwa kuonyesha. Katika jiometri yenye nukta za kuhesabika, zisizoendelea bila kikomo, lipo umbo la nukta q³+1 liitwalo unitali ya Hermite. Mistari ya jiometri inayolikata umbo hilo wakaifanya nukta za mchoro wao, na mbili zikawa na mstari mwekundu zikikutana ndani ya umbo. Michael O'Nan alikuwa ameonyesha mwaka 1972 kwamba humo huwezi kupata mistari minne inayokutana, kila jozi, katika nukta sita tofauti. Kwa hiyo kundi jekundu la nne likitokea, lazima angalau mistari mitatu ipite kwenye nukta moja.

Hapo wakaleta sarafu. Kwenye kila nukta ya umbo, mistari inayopita hapo wakaigawa kwa nasibu pande mbili, wakabakisha wekundu wa kutoka upande mmoja kwenda mwingine tu. Mitatu ya mahali pamoja haiwezi tena kuwa pembetatu nyekundu. Kundi la nne limekufa. Baada ya hapo wakachagua sehemu ya nukta kwa nasibu tena, ili makundi ya buluu nayo yadhibitike.

Nimeusoma uthibitisho huu mara nyingi kuliko ninavyohitaji kwa kazi yangu. Jiometri inafanya kile ambacho sarafu hazijawahi kukiweza, na sarafu zinafanya kile ambacho jiometri ingekufa ikijaribu. Kazi ya O'Nan ilikaa miongo mitano kwenye rafu ya watu wengine kabla ya mtu kuona kwamba inazungumzia jambo hili.

Kwa R(k,k) yenyewe, namba inayopandishwa kwa kipeo k kwenye hoja ya 1947 ni kipeuo cha pili cha 2, na haijasogea. Joel Spencer aliongeza mara mbili mbele yake mwaka 1975, kwa kutumia sarafu kwa uangalifu zaidi, na hapo ndipo ilipobaki. Wengi wanangoja sarafu bora. Mimi nadhani tukitaka kuisogeza itabidi tuanze na umbo: kitu kama unitali ile, chenye katazo moja kali ndani yake, kisha turushe. Katazo gani litafaa kwa rangi zote mbili kwa wakati mmoja sijaliona bado, kwa sababu unitali inailinda nyekundu peke yake na kuiacha buluu mikononi mwa sarafu. Nimeanza kupekua makala za jiometri za miaka ya O'Nan, nikitafuta makatazo ya aina hiyo, hasa yale ambayo yanabaki yaleyale ukibadilishana rangi, kama ilivyo kuzidisha kwa 3 kwenye nukta 17.